Nakala ya Fundi Matofali

Nilimtambua kwa vidole kabla sijamtambua kwa uso. Vilikuwa vidole vyekundu, vimepasukapasuka pembeni, vya mtu aliyeshika udongo mbichi tangu alipoota meno ya pili. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, mapajani ameweka kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha maua, na aliponiona akasimama na kucheka kama watu walioachana jana jioni.

"Wakili!" akaniita. "Mguu unasemaje?"

Miaka tisa imepita, na bado mtu yule anaulizia mguu wangu. Nikamjibu mguu mzima, nikamkaribisha ndani, nikamvutia kiti, nikajifanya nahangaika na feni isiyozunguka. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho. Mezani, chini ya kikombe changu cha chai, lilikuwepo jalada la dampo, na nilijua ndilo lililomleta.

Nipange mambo kwanza, maana wakili hata akiacha kazi hawezi kusimulia bila kupanga vielelezo. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa wakili wa mahakamani. Nikachoka na majalada, nikafunga ofisi, nikabeba begi nikaenda kutembea. Niliandika kitabu cha safari zangu kikasomwa, nikaandika cha pili kikasomwa zaidi, redio zikaniita, na mwisho watu wakanichagua kuwa diwani. Bango langu la kampeni lilisema: "Anazijua njia zetu kwa miguu yake." Kwenye picha nimevaa kofia pana na viatu vya kupandia milima. Bango moja bado limebandikwa kwenye ukuta wa kinyozi, na siku hizi nikifika hapo huvuka nikapita upande wa pili wa barabara.

Wapiga kura wangu niliwaahidi jambo moja tu, kwamba lile lundo la taka nyuma ya soko litaondoka. Baraza likatafuta pa kulipeleka. Zikapatikana sehemu mbili. Moja ilikuwa machimbo ya zamani ya mawe, kwenye kata ya diwani mwenzangu tunayemwita Sindano kwa sababu haongei sana lakini akiongea lazima mtu aruke. Ya pili ilikuwa bonde moja la mbali, nyuma ya kilima, ambako gari halifiki. Sindano hakutaka hata kusikia neno machimbo. Basi Afisa Mipango akaandika ripoti kwamba bonde ni tupu, na kwamba watu wachache walioonekana huko ni wavamizi waliohamia juzi juzi baada ya kupata fununu za dampo, ili walipwe fidia. Wavamizi hawana haki ya kusikilizwa. Wanapewa siku thelathini za kuondoka, na vibanda vyao vinabomolewa.

Na uthibitisho kwamba bonde lilikuwa tupu zamani? Kiambatisho cha nne: ukurasa wa themanini na nne wa kitabu changu cha kwanza.

Naukumbuka kwa moyo. "Niliteremka bondeni peke yangu. Kwa siku tatu sikuona nyayo ila zangu. Asubuhi ukungu mweupe ulipanda kutoka chini, nikajua kwamba hapa binadamu bado hajafika." Ni maneno mazuri. Watoto wa shule wamewahi kuyakariri mbele yangu huku nikipiga makofi. Na ni uongo mtupu, kuanzia "peke yangu" hadi nukta ya mwisho. Ule haukuwa ukungu. Ulikuwa moshi wa matanuri ya matofali, na mwenye tanuri kubwa kuliko yote ndiye huyu Fundi aliyekaa sasa mbele yangu akiangalia feni.

Ripoti ile niliipata wiki moja kabla. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ardhi, hivyo ilipita kwangu. Nilipofika kwenye kiambatisho cha nne, masikio yaliniwaka moto. Nikajiambia labda wale watu walishahama. Nikajiambia baraza lina wataalamu wake. Halafu nikatia herufi za kwanza za jina langu chini ya kila ukurasa, kama nilivyofundishwa, nikaendelea na chai yangu. Mahakamani sikuwahi kuweka saini kwenye hati ya uongo hata siku moja, na nilikuwa najigamba kwa hilo.

"Tumesikia habari za dampo," alisema Fundi. "Wanasema sisi ni wa juzi. Mimi! Mimi ambaye hata shule yenu hii ya hapa mjini nimewafyatulia matofali. Nikawaambia wenzangu msihangaike, tuna shahidi, na shahidi mwenyewe ni wakili, na wakili mwenyewe sasa ni diwani. Mungu atupe nini tena?"

Akafungua kitambaa. Ndani yake kilikuwepo kitabu changu. Jalada lilikuwa limefifia, na kingo za kurasa zilikuwa zimeshika wekundu wa udongo wa vidole vingi.

"Sasa nina shida ndogo," akaendelea, na sauti akaishusha kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji. "Nakala yetu ni mbovu. Wenye kiwanda wameruka kurasa."

"Wameruka?"

"Wametukata sisi. Mkwe wangu alikinunua mjini, kikafika jioni, tukakusanyika wote uwanjani, watu wamekalia matofali, binti yangu akasoma kwa sauti. Akasoma we, akasoma. Tumefika themanini na nne, unateremka bondeni. Watu wakaanza kusogea karibu, kila mtu anangoja lake. Themanini na tano, umeshaondoka, uko mji mwingine unakunywa kahawa! Mama watoto akasema, rudia mwanangu, umeruka. Akarudia. Vilevile."

Nikamtazama mdomoni, kwani machoni nilishindwa.

"Binti anasema namba za kurasa zinafuatana," alisema Fundi. "Nikamkaripia. Namba si hoja. Hata mimi tofali likinipasukia naziba pengo kwa jingine, ukuta wenyewe haujui. Wewe nilikuona kwa macho yangu ukiandika. Ulipita mlango kwa mlango na mguu wako ule, na ukasema, nitawaandika wote. Kwa hiyo iko nakala kamili mahali. Niazime hiyo, Alhamisi kwenye kikao cha baraza tuwaonyeshe, nitakurudishia siku hiyohiyo."

Hapo ndipo ilipotakiwa niseme. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu. Nikafungua mdomo nikasema, "Nitaitafuta, Fundi."

"Najua," akajibu, akaanza kukifunga kitabu. Alikifunga taratibu, pembe kwa pembe. "Kitambaa hiki ni cha Mama watoto. Alitutoka mwaka juzi. Mpaka mwisho alikuwa akisema, wakili alituandika, wenye mashine ndio waliotukata."

Akaniaga kwa mikono miwili. Alipotoka nilibaki nimesimama, na kwenye kiganja changu kulikuwa na vumbi jekundu ambalo sikulifuta wala sikujua la kulifanyia.

Huyo Mama watoto ndiye aliyenikanda mguu. Safari ile nilianguka kwenye mteremko wa kwanza kabisa, hata bondeni sijafika, kifundo kikavimba kikawa kama nanasi. Fundi na nduguye walinikuta nimekaa juu ya begi langu nikilaani. Wakanibeba kwenye ubao wa kubebea matofali, mmoja mbele mmoja nyuma, nami juu kama mzigo wa kwenda kuchomwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Fundi walipokuwa wakiniteremsha mlangoni kwake, halafu akautazama mguu wangu akaongeza, "ila wa leo ndiye anayetaka kuponywa." Watu walicheka mpaka nami nikacheka. Walinipa kitanda chao, wao wakalala chini. Kwa siku tatu, asubuhi na jioni, mama yule alinikanda kwa maji moto na chumvi, akinisema kwa kuvaa viatu vya thamani kwenye miguu ya ofisini.

Siku ya tatu niliweza kuchechemea. Wakaniomba niwaandike. Nikapita nyumba hadi nyumba na daftari langu jeusi, na kila nilipofika watu walitoka wakasimama mlangoni wameshajipangusa udongo, kama wanapigwa picha. Nyumba arobaini na moja. Matanuri sita. Niliandika yote.

Niliporudi nyumbani na kuketi kuandika kitabu, sura ile ilinishinda. Nilitaka kuwa msafiri anayetembea peke yake, mtu aliyeacha suti na kuingia porini bila woga. Kwenye daftari nilikuwa mtu mzima aliyebebwa kwenye ubao wa matofali akilia mguu. Nimewahi kumwambia mtu kwamba mhariri ndiye aliyenishauri nipunguze watu. Nilimsingizia. Mhariri hakuwaona kabisa, maana sura ilimfikia ikiwa imeshasafishwa.

Aliyewaona ni mke wangu. Yeye ndiye aliyenichapia mswada wote, na daftari alikuwa amelisoma. Alipofika kwenye ule ukurasa aliinua vidole juu ya mashine akauliza, "Na yule mama aliyekukanda mguu yuko wapi?"

"Kitabu si orodha ya mahudhurio," nilimjibu.

Alichapa. Nilidhani amekubali, kumbe alikuwa ameweka akiba.

Jioni ile ya siku aliyokuja Fundi, mke wangu alikuwa anakunja nguo sebuleni. Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mkono kwenye kiti, kama ninavyosimama barazani, na maelezo yangu yalikuwa na "ikumbukwe kwamba" na "kwa upande mwingine". Nikamwambia kitabu cha safari ni kazi ya sanaa, si hati ya kiapo. Kwamba baraza lilipaswa kutuma mtu bondeni. Kwamba nikisema neno, lundo la taka litabaki nyuma ya soko, watu wangu watanila mbichi, na uchaguzi ni mwakani.

Alikunja shati langu, akaliweka juu ya mengine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unajua ninachokumbuka mimi? Ulirudi safari ile na bendeji mguuni. Ilikuwa upande wa khanga ya mtu. Niliifua mwenyewe, nikakuuliza tuirudishe vipi, ukasema utawapelekea pamoja na kitabu." Akachukua shati jingine. "Fadhila ya punda mateke, mume wangu. Lakini punda hajasoma sheria."

Nilikasirika, nasema kweli, nilikasirika sana, maana mtu aliyekosa huwa na hasira za karibu. Nikatoka nikazunguka nyumba mara mbili nikitafuta bomba linalovuja au kitu chochote cha kugombana nacho. Niliporudi ndani mke wangu hakuwepo sebuleni, na juu ya rundo la nguo zangu kulikuwa na daftari jeusi. Sijui alilitoa kwenye sanduku gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kulitafuta ili nisilipate.

Alhamisi niliamka na mpango. Msinifikirie vibaya zaidi ya inavyostahili, ila msinifikirie vizuri pia. Mpango wangu ulikuwa wa kiwakili. Ningesimama niseme kwamba maneno ya kitabu yametumika nje ya muktadha wake, kwamba "peke yangu" ni lugha ya kisanaa, kwamba kiambatisho cha nne kiondolewe na Afisa Mipango atembelee eneo. Fundi angepona, mimi ningepona, na lile neno lenyewe lisingetamkwa. Daftari nililiweka ndani ya mkoba, chini kabisa, kwa tahadhari tu.

Ukumbi wa baraza una viti vya ngozi vya madiwani na mabenchi ya mbao ya wageni. Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele na wenzake sita, wamevaa nguo zao nzuri, wamejipanga kwa urefu. Mwenyekiti wa baraza alisoma ajenda. Afisa Mipango akasoma ripoti, akasoma na ukurasa wangu kwa sauti ya taarifa ya habari. Alipofika kwenye "binadamu bado hajafika," mmoja wa wale sita aliangalia viatu vyake.

Mwenyekiti akawapa wageni dakika tatu. Fundi akasimama, kitambaa cha maua mkononi.

"Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Hiki kitabu kilichosomwa kina kasoro ya kiwandani. Kurasa zetu zilikatwa. Lakini mwenye kitabu yuko hapa hapa, ni diwani, ana nakala kamili. Yeye alilala kwangu. Naomba asome ya kwake."

Akakaa. Alikaa kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilianza, "ikumbukwe kwamba kitabu cha safari si hati ya kisheria. Mwandishi huwa na uhuru fulani wa lugha, na maneno kama 'peke yangu' yanaweza..."

Nilimwona Fundi. Alikuwa anatikisa kichwa kuafiki kila neno. Hakuelewa hata moja, lakini aliafiki, kwa sababu ni mimi ninayesema. Akamgusa mwenzake kwa kiwiko, kumwonyesha: unamsikia?

Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa kuwa haikupasuka, ikabidi niseme.

"Hakuna nakala kamili," nikasema. "Nilidanganya."

Mwenyekiti akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikasema sikuteremka peke yangu, nilibebwa. Kwamba ukungu ulikuwa moshi wa matanuri yao. Kwamba nililala siku tatu kwenye kitanda cha mtu huyu, nikawaahidi nitawaandika, na sikuwaandika. Sikumwangalia Fundi. Nilimsikia tu akihema.

Sindano akanyoosha mkono. Alisimama polepole, mikono nyuma.

"Swali moja tu kwa mheshimiwa. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ni langu. Kwa miaka kumi na tano nimewachoma mashahidi kwa swali hilohilo, na ninajua halina jibu. Ukisema nilidanganya wakati ule, unaambiwa basi wewe ni mwongo, na mwongo haaminiki leo. Nilishamuuliza hivyo mjane mmoja, akakaa chini akilia, na mimi nikaenda kula chakula cha mchana. Kumbe mkuki kwa nguruwe.

"Wakati ule," nikajibu.

"Basi tumwamini mwongo?" Sindano akaligeukia baraza. "Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi? Waheshimiwa, huyu anatafuta huruma ya watu wa bondeni. Kitabu kina miaka saba. Machozi yake yana dakika saba."

Ilikuwa hoja safi. Ningekuwa upande wake ningempongeza. Nikauona uso wa Afisa Mipango ukitulia, nikawaona madiwani wawili wakianza kufunga majalada yao, na nikajua kukiri kwangu hakukumsaidia mtu. Nilikuwa nimejivua nguo hadharani, na nyumba zitabomolewa vilevile.

Nikainama, nikatoa daftari.

"Hili nililiandika kule kule," nikasema. "Tarehe zipo." Nikaanza kusoma. Sauti yangu ya mahakamani ilikuwa imenikimbia, nilisoma kama mtoto wa darasa la pili.

"Nyumba ya kwanza. Fundi, mkewe, binti mmoja anayejua kusoma. Tanuri kubwa la upande wa mashariki."

"Tupo," akasema Fundi. Hakuwa amesimama. Alisema tu. Kisha akajirekebisha. "Mama hayupo."

"Nyumba ya pili. Nduguye Fundi. Ana kengeza, anapiga mluzi akichanganya udongo. Watoto watano."

"Nipo," akasema mmoja wa wale sita, na kengeza lake likaniangalia mimi na dirisha kwa pamoja. "Saba sasa."

"Nyumba ya tatu. Bibi mwenye mbuzi mweupe. Anaishi na wajukuu wanne. Amekataa kusema umri, amesema niandike 'msichana'."

"Alifariki," wakasema wawili kwa pamoja. "Wajukuu wapo."

Nikaendelea. Nyumba ya nne, ya tano, ya tisa. Kila nilipotaja, benchi lilijibu: yupo, yupo, ameolewa kijiji cha pili, alifariki, yupo, ndiye huyu hapa. Hakuna aliyewafundisha wafanye hivyo. Madiwani waliacha kufunga majalada. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu hewani. Nami nikasikia, waziwazi kama imo humo ukumbini, sauti yangu mwenyewe ikimwambia mke wangu kwamba kitabu si orodha ya mahudhurio.

Nilipofika nyumba ya ishirini, Mwenyekiti akasema inatosha, daftari liingizwe kwenye kumbukumbu. Karani akampelekea. Mwenyekiti akapekua, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho. Hapo akakoma kupekua.

"Hapa pana maandishi mengine," akasema. "Wino tofauti, na tarehe ni wiki tatu baadaye. Ni mwandiko wako?"

Nilikuwa nimesahau. Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa nimesahau kabisa. Karani akanirudishia daftari likiwa wazi pale pale.

"Usome," akasema Mwenyekiti.

Nikasoma. "Ondoa watu wote. Ubao, mguu, yule mama, ondoa. Bonde liwe tupu. Moshi uwe ukungu."

Sindano alikuwa bado amesimama. Akakaa, kwani hata yeye aliona kwamba mtu hawezi kuondoa watu ambao hawapo. Wasomaji wangu, wapiga kura wangu, watoto wa shule waliokariri, wote ningeweza kuwaeleza lolote. Mistari ile minne sikuwa na namna ya kuieleza. Nilikuwa nimewabomolea nyumba arobaini na moja miaka tisa kabla ya baraza kufikiria kufanya hivyo, na nilitumia kalamu tu.

Kiambatisho cha nne kikaondolewa. Ripoti ikarudishwa kwa Afisa Mipango, akaamriwa ateremke bondeni kwa miguu na kuhesabu nyumba mwenyewe, na machimbo yakarudi kwenye ajenda. Mimi nikaandika barua ya kuacha uenyekiti wa kamati pale pale, kwenye karatasi ya kuazima. Hakuna aliyenizuia, wala sikutegemea.

Nilipotoka, wale wenzake sita walikuwa wameshashuka uwanjani, nawasikia wakicheka na kupigana mabega. Fundi alikuwa amebaki kwenye benchi la korido, peke yake, kitabu mapajani. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na yote yakanitoka kichwani.

"Kwa hiyo," akasema, "nakala yetu ilikuwa nzima."

"Nzima, Fundi."

"Haikukosa hata ukurasa?"

"Hata mmoja."

Akaupapasa mgongo wa kitabu kwa kidole gumba, kama anavyopapasa tofali kuona kama limeiva.

"Binti aliniambia namba zinafuatana," akasema. "Nikamkaripia mbele ya watu. Na mama yake naye akamkaripia."

Alifungua kile kitambaa cha maua, akakikung'uta, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa shati. Kisha akasimama, akaniangalia mguu, akasema, "Kuwa mwangalifu na ngazi, zimelowa," akaenda kuwafuata wenzake.

Kitabu alikiacha kwenye benchi.